Mtoto Asiyetoka Jasho

Kyakimwa Orpa alianza kusomea meno akiwa na miaka ishirini na tisa. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa kushona huko Mususa, mjini Butembo. Kwa miaka minane alikanyaga cherehani ile ile, akishona sare za shule, magauni ya kwaya na mashati ya mabwana harusi. Siku alipomwambia baba yake kwamba anataka kurudi shuleni, mzee yule, shemasi wa kanisa na mtu wa maneno machache, aliuliza jambo moja tu.

"Juu ya nini meno?"

"Baba, mi napimaka batu kila siku. Mutu akicheka, anaweka mukono ku mudomo. Ni bengi sana. Inaniumizaka."

Mzee akasema sawa, lakini cherehani asiiuze.

Kwenye institut, chuo cha afya, mikono yake ilimtangulia. Alipopewa nta achonge jino, alilichonga vizuri hata mwalimu akalizungusha darasa zima. Kilichomshinda ni majina. Mwaka wa tatu walifundishwa somo la magonjwa ya mwili mzima ambayo dalili zake zinaonekana mdomoni, na karibu kila ugonjwa ulikuwa na jina la mzungu aliyekufa zamani, wengine wawili wawili wameunganishwa kwa kistari. Orpa aliyaandika kwenye karatasi za kukatia nguo, akayabandika ukutani juu ya cherehani, akayarudia kila asubuhi kabla ya kwenda darasani. Kwenye mtihani yalichanganyika yote. Alipata saba kwa ishirini, akaambiwa atarudia.

Mwalimu wa somo hilo, Docteur Ézéchias, ndiye pia aliyekuwa akiwasimamia wanafunzi katika chumba cha meno cha kituo kimoja cha afya. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka, na alipenda kuwakumbusha neno moja: "Meno haikuje yenyewe hapa. Inakuja na mutu muzima." Lakini siku wagonjwa wanapojaa benchi hadi nje, hata yeye alikuwa anaangalia meno tu.

Ilikuwa Alhamisi moja ya Januari, jua kali la saa sita, mama mmoja alipoingia akimshika mkono mwanawe. Aliitwa Solange. Alikuwa mkulima wa kakao kutoka Oicha. Vita vilipofika karibu na shamba lao alikimbilia Butembo na watoto, mume wake akabaki kuchunga miti, na sasa ulikuwa ni mwaka mmoja na nusu anaishi Mususa kwa mjomba wake, akiuza lengalenga, mboga kama mchicha, sokoni. Mtoto aliitwa Shalom. Alikuwa na miaka saba na meno manne. Mawili ya juu yalikuwa mbele, yamechongoka kama miiba. Shuleni watoto walimwita Popo, naye alikuwa amejifunza kusema huku amebana midomo, kiasi kwamba mwalimu wake alidhani ana shida ya ulimi.

"Docteur, batoto ba rika yake bamebadilisha meno," Solange akasema. "Ya huyu itaota lini?"

Docteur Ézéchias alimpandisha kitini, akatazama kwa kioo chake kidogo, akagusa ufizi huku na huku.

"Meno imechelewa. Inafikaka. Mumurudishe akiwa na miaka tisa, tutaangalia."

Akanawa mikono na kuita mgonjwa mwingine. Orpa, aliyekuwa akiandika fishi, kadi ya mgonjwa, alisogea kumsaidia mtoto kushuka. Kwa mazoea ya kazi yake ya zamani, alimweka sawa kola ya shati la shule. Vidole vyake vikasimama hapo.

Katika miaka minane ya kushona alikuwa ameshika kola nyingi sana za wavulana. Zote zina mstari wa kahawia nyuma ya shingo, ule ambao sabuni haiumalizi. Mama huyu na mwanawe walikuwa wamepanda mlima kwa miguu juani. Blauzi ya Solange ilikuwa imelowa mgongo mzima. Kola ya Shalom ilikuwa nyeupe kama siku ilipokatwa, na shingo yake ilikuwa ya moto, kavu, kama bati la mchana.

"Mama Shalom, hii shati umeifua leo?"

"Hapana. Ni ya tangu lundi, leo siku ya ine."

Orpa alimtazama mtoto upya. Nywele zake zilikuwa chache na laini, karibu hazina rangi. Nyusi hazikuwapo. Chini ya macho ngozi ilikuwa nyeusi na yenye mikunjo midogo, kama ya mzee. Alikuwa amemwona tangu alipoingia, lakini kila kitu peke yake: mtoto wa wakimbizi, mtoto mwembamba, mtoto mwenye meno mabaya.

"Anatokaka jasho?" akauliza.

Solange akageuka, akamtazama sawasawa kwa mara ya kwanza.

"Hapana mutu ameshaniuliza ile." Akamvuta mwanawe karibu, akamwita Orpa yaya, kama mtu amwitavyo dada mkubwa. "Hatokake jasho, yaya. Hata siku moja. Nilizania ni juu eko mwembamba."

"Na homa?"

Solange akaketi tena, na maneno yakaanza kutoka. Kule Oicha, Shalom alikuwa na homa kila msimu wa jua. Walimpima malaria. Mara nyingine kipimo kilikubali, mara nyingi kilikataa, na kila mara aliwekewa serum, dripu ya kwinini, kwa sababu mtoto alikuwa anawaka na lazima kufanya kitu. Wakati wa Ebola, akiwa na miaka mitatu, walisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Kifaa cha kupima joto kilipoelekezwa kwenye paji la uso wake kililia, na mtoto akachukuliwa, akatengwa siku tatu nyuma ya plastiki, mama akisimama upande wa pili na kumwimbia. Majibu yalikuwa safi. Walipotoka majirani hawakuwasogelea kwa mwezi mzima.

"Mais, lakini tangu tumefika huku Butembo, ku baridi, homa imepotea," Solange akamaliza. "Nilisema Mungu amejibu."

Orpa alimwomba angoje. Akamfuata Docteur Ézéchias kwenye korido, akamweleza yote: meno, nywele, jasho, na homa iliyobaki Oicha. Alipofika mahali pa kutaja jina la ugonjwa, jina likamkimbia. Akasema, "Ule wa ngozi na meno, docteur. Ule ulitupatia ukurasa wa mwisho."

Docteur akacheka, bila ubaya. "Orpa, ule mutihani ulikushinda. Sasa unaona ma-syndrome kila fasi?"

"Docteur, kuya ushike kola yake."

Labda ni neno kola lililomvuta. Alirudi. Alimshika mtoto shingo kwa kiganja, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaandika karatasi ya radio, yaani eksirei, na kuwalipia mwenyewe, Orpa akaenda nao hadi kwenye mashine upande wa pili wa mji. Picha ilipotoka, ndani ya taya, mahali ambapo mbegu za meno ya ukubwani zinatakiwa kuwa zimejipanga, palikuwa peusi. Upande wa chini palikuwa na mbili tu.

Docteur Ézéchias aliiinua picha dirishani mara tatu. "Ningemuambia angojee miaka mbili," akasema, akimwambia Orpa na kujiambia. "Angojee meno yenye haiko." Kisha akaongeza kwamba Orpa ndiye atakayemweleza mama wa Shalom, kwa sababu ndiye aliyemwuliza.

Kesho yake Orpa alimkuta Solange nyumbani kwa mjomba wake, uani, akipanga mafungu ya lengalenga. Wakakaa kwenye mkeka mmoja. Orpa alikuwa ameandaa maneno ya kitabu tangu asubuhi, lakini alipomwona mwenzake akifuta mikono kwenye kitenge na kungoja, akayaacha.

"Mbele mutoto azaliwe," akasema, "ngozi, nywele, meno na tundu za jasho, vyote vinakatwaka mu kitambaa kimoja. Ya Shalom, kile kitambaa kilipunguka. Njo maana meno ni kidogo, nywele kidogo, na jasho hakuna. Mutu bila jasho, jua inamuingia na haina fasi ya kutoka. Ile homa mingi ilikuwa ni joto tu. Malaria inaweza kumukamata sawa batoto bengine, kwa hiyo kupima ni lazima. Mais mbele ya yote, umumwagie maji."

"Atakufa?"

"Hapana. Akilindwa na jua, atakuwa muzee. Akili yake iko muzima. Na meno tutamutengenezea."

Solange akashusha pumzi. Akaokota jani moja lililoanguka, akalirudisha kwenye fungu lake. Kisha akauliza lile ambalo Orpa aliomba asiulize.

"Nani alipunguza kile kitambaa?"

Orpa angeweza kusema ni Mungu anajua, na jioni ingeishia hapo. Alikuwa ameliona jino moja lililokosekana upande wa juu wa mdomo wa Solange, na la pembeni yake dogo kama punje ya mchele, jana yake njiani, Solange alipocheka bila kuweka mkono.

"Ilipitia kwako," akasema. "Hapana juu ulifanya kitu. Hapana juu ulikula vibaya ao mutu alikuroga. Wewe pia ulipewa, na hukujua. Kwa mwanamuke inapita kidogo, inakamata jino moja, mbili. Kwa mutoto mwanaume inashuka yote."

Solange aligusa pengo lile kwa ulimi, kama mtu anayepapasa kitu gizani. "Mi nilizania lilivunjikaka nikiwa mutoto," akasema. Halafu sauti yake ikabadilika. "Mama yangu alizaa bavulana babili mbele nizaliwe. Bote balikufa na homa, mbele ya kumaliza mwaka." Kisha akasimama ghafla, majani yakamwagika. "Elsa! Yaya, dada yangu Elsa eko Beni kwa mama. Alizaa mu mwezi wa kumi. Ni mwanaume."

Jumamosi walipanda gari la asubuhi kwenda Beni, Orpa, Solange na Shalom, ambaye alikaa dirishani na kitambaa chenye maji kichwani, akifurahi kwa sababu hakuna aliyemkataza. Docteur Ézéchias alikuwa amempa Orpa kipimo cha joto na barua kwa muuguzi yeyote watakayemkuta. Kadiri barabara ilivyoshuka, ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito, na Orpa akabadilisha maji ya kitambaa mara mbili.

Nyumba ya mama yake Solange ilikuwa ya mbao na mabati. Walimkuta bibi huyo, aliyeitwa Kavugho, au Mukaka kwa heshima ya bibi, ameketi ndani karibu na mlango, amepakata mtoto mchanga. Mtoto alikuwa amevikwa kofia ya sufu na kuzungushiwa mablanketi mawili. Alikuwa analia kwa sauti iliyochoka.

"Muko na bahati, munanikuta," Mukaka Kavugho akasema, baada ya salamu. "Elsa ameenda kutafuta dawa. Huyu Timothée eko na homa tangu jana."

Orpa alipiga magoti, akaomba ruhusa, akaweka kipimo kwapani. Thelathini na tisa na nusu. Ngozi ya mtoto ilikuwa kavu kabisa, hata kwenye mikunjo ya shingo.

"Mukaka, tumufungue."

"Mutoto wa homa habamufungue!" Bibi akamkaza kifuani. "Upepo itamuingia. Wewe uko musichana, haujazika mutoto."

Solange akaanza kulia na kusema yote kwa pamoja, jasho, Shalom, kitambaa, docteur, na bibi hakuelewa ila kwamba wanataka kumnyang'anya mjukuu. Orpa akamwambia Solange anyamaze kidogo. Akaenda kwenye mtungi, akalowesha kanga kuukuu, akaikamua, akarudi. Hakumgusa mtoto. Alimpa Mukaka Kavugho ile kanga mkononi.

"Hatukuchukulii mutoto, mukaka. Wewe mwenyewe umupanguse. Toa kofia, umupanguse ku kichwa tu. Ukiona anazidi, tutaacha."

Bibi alimtazama, akaitazama kanga. Akatoa kofia. Alimpangusa mjukuu wake kichwani, polepole sana, kisha usoni, kisha, bila kuambiwa, akalegeza blanketi la kwanza na kumpangusa shingo. Kilio kikapungua. Akalitoa la pili. Timothée alifumbua macho na kumtazama bibi yake, akakunja na kukunjua vidole. Orpa alipima tena: thelathini na nane na kidogo. Walimpeleka kituo cha afya chini ya mwavuli, muuguzi akaisoma barua, akapima malaria, hakuna. Akasikiliza kifua, kizuri. Elsa aliwakuta huko, amefika akikimbia, mfuko wa dawa mkononi, na alipomwona mwanawe amevaa nepi tu na anapiga mateke, akakaa chini sakafuni.

Akina dada wawili walibaki ndani na mtoto. Nje, kwenye benchi la ukuta wenye kivuli, Mukaka Kavugho alimwita Orpa akae karibu naye. Shalom alikuwa anachezea maji ya ndoo mbele yao. Bibi alimtazama kwa muda.

"Solange amenielezea tena, sasa nimesikia," akasema. "Batoto bangu ba kwanza. Moja Kambere, mwingine Kitsa. Bote babili balikuwa vile vile, moto, bila jasho. Mi nilibafunika, mama. Nilibafunika sana. Usiniongopee. Ile mabulangeti?"

Jibu la kumtuliza lilikuwa tayari mdomoni mwa Orpa. Lilikuwa jepesi, na hakuna mtu duniani ambaye angekuja kulichunguza. Lakini bibi huyu alikuwa ameomba asidanganywe, na Timothée alikuwa ndani, na jua la kesho lilikuwa linakuja.

"Iliongeza moto," Orpa akasema. "Mais hukujua. Muuguzi hakujua. Majirani hawakujua. Docteur wangu, mwalimu, Shalom aliingia kwake alhamisi na akamurudisha nyumbani. Mukaka, mi pia ningebafunika."

Kavugho aliinama. Machozi yalishuka kwenye mikunjo ya mashavu yake naye hakuyafuta.

"Bwana yangu alisemaka tumbo yangu inakula bavulana," akasema mwishowe. "Alikufa na ile neno mu mudomo."

"Alikosea, mukaka."

"Nilibapenda. Njo maana nilibafunika."

"Najua," Orpa akasema, akaushika mkono wa yule mama mzee na kuuweka mapajani mwake, wakakaa hivyo mpaka Elsa alipotoka na mtoto amelala.

Baadaye mambo yalikwenda kwa kasi yake. Timothée alipofika miezi kumi na mitatu, jino lake la kwanza lilitoka limechongoka. Elsa alituma picha kwa simu bila maneno. Lakini kufikia hapo Mukaka Kavugho alikuwa amekwisha kupanda migomba karibu na nyumba ili mabati yapate kivuli, na beseni la maji lilikuwa halitoki mlangoni. Jumapili moja alisimama mbele ya kina mama wa kanisa lake, yeye ambaye hajawahi kutoa ushuhuda, akawaambia mtoto wa homa apelekwe apimwe na asifungwe kwenye blanketi. Akataja majina ya wanawe wawili kwa sauti. Baadhi ya wanawake pale walikuwa wamemjua miaka thelathini bila kujua kwamba aliwahi kuwa na wana.

Orpa alirudia mtihani na kupata kumi na tano. Jina la ugonjwa ule aliliandika vibaya, na Docteur Ézéchias akamkata alama moja, kwa haki.

Meno ya Shalom waliyatengeneza wao wawili, mwalimu na mwanafunzi. Orpa ndiye aliyechonga na kung'arisha. Siku ya kuyavaa, mtoto alijitazama kwenye kioo muda mrefu, kisha akaomba mkate. Aliuma kipande, akakitafuna huku machozi ya mshangao yakimtoka, na mama yake akamwambia asikimbize, mkate hauendi mahali. Shuleni Orpa alikwenda mwenyewe. Mwalimu alimhamishia Shalom dirishani, akamruhusu chupa ya maji, na mpira akaachiwa acheze asubuhi, wakati ukungu wa Butembo bado uko uwanjani. Jina la Popo halikufa siku moja. Lilichoka polepole, kama majina hayo yanavyochoka.

Sasa Orpa amemaliza masomo na anafanya kazi katika kituo kile kile. Juzi Shalom aliingia, ana miaka tisa, mrefu kuliko fishi yake inavyosema, amekunja uso.

"Tantine Orpa, hii meno inaniuma. Inanibana huku na huku."

Orpa alimpandisha kitini, akayatoa, akapima taya kwa kidole. Akaanza kutabasamu, na Shalom akakasirika.

"Sasa unacheka nini?"

"Umekomaa," Orpa akasema. "Kinywa imekuwa kubwa. Fungua vizuri, tupime meno mengine."